Upana wa Kidonda: Busia, Malaba na Safari ya Kisu

Neno boda boda lilizaliwa Busia. Katika miaka ya 1960, kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho gari halikukipita bila rundo la karatasi, na msafiri aliyeshuka upande huu alilazimika kukimaliza kwa miguu, mizigo kichwani. Vijana wakafunga matakia kwenye keria za baiskeli zao, wakawa wanaita abiria kwa maneno mawili, "boda, boda", yaani toka mpaka huu hadi ule. Malaba ikafuata, kisha nchi zote mbili, kisha sehemu kubwa ya bara. Historia hiyo husimuliwa kama habari ya ujanja wa vijana, na ujanja ulikuwepo. Lakini inaeleza pia jambo jingine kuhusu mpaka huu: hapa watu wengi wanakula kwa mgongo na miguu yao. Hamali anayepakua magunia ya mahindi, mama anayevuka na robota la mitumba, fundi anayelala chini ya lori Malaba, na wale wachuuzi wenye ulemavu wa polio ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu wanazozizungusha kwa mikono: mtaji wao wote ni mwili. Mwili huo ukipasuliwa, duka limefungwa. Litafunguliwa lini tena? Jibu linategemea, kuliko watu wengi wanavyodhani, upana wa kidonda.

Upasuaji wa matundu madogo, na roboti iliyozaliwa ndani yake, huzungumzwa kwetu kama anasa ya hospitali za matajiri, kitu cha kungojewa mpaka nchi zitakapotajirika. Nadai kwamba historia ya mpaka huu inasema kinyume. Aliye mbali na hospitali, anayekula kwa jasho la siku hiyo, ndiye anayehitaji kidonda kidogo kabla ya mtu mwingine yeyote, na mahali pamoja karibu sana na Malaba palilithibitisha hilo mapema kuliko miji mingi mikubwa ya dunia. Hoja hiyo nitaipeleka hadi kwenye upandikizaji wa figo, kwa sababu huko ndiko mtu mzima, asiye na ugonjwa wowote, anapolazwa mezani akapasuliwa kwa ajili ya mwenzake.

Kwa muda mrefu kisu cha daktari kiliwafikia watu wa Busia kikitokea magharibi. Hadi Aprili 1902 eneo hili lilikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Kisumu na Naivasha. Waingereza walipouhamishia upande wa pili, mpaka ukawekwa kwenye mito kama Sio na Malaba, amri ya 1926 ikauthibitisha, na Wasamia na Wateso wakajikuta wana shangazi na wajomba katika nchi mbili. Tiba haikuhamishwa kwa kalamu hiyo. Daktari Albert Cook, aliyetembea kwa miguu kutoka Mombasa, alikuwa ameanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Mulago ilianza mwaka 1913, na mafunzo ya udaktari yakaanza huko katika miaka ya 1920 chini ya Makerere. Nairobi haikuwa na chuo chake cha udaktari hadi 1967. Kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari alipanda treni, na tangu reli ilipofika Kampala mwaka 1931 treni hiyo ilipita Malaba. Vizazi vya kwanza vya madaktari wa Kenya waliosomea nyumbani Afrika Mashariki vilivuka mpaka huu kwenda kujifunza kushika kisu na vikauvuka tena kurudi. Hata Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia, kituo cha utafiti wa ukoma kiliwekwa kuhudumia Afrika Mashariki nzima, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, ikakirithi.

Mkondo huo ulikatika kwa kishindo. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, mwaka uliofuata akawafukuza Waasia, na Februari 1976 akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa 1977. Mulago, iliyokuwa fahari ya eneo zima, ikapoteza madaktari wake, na wengi wao walitorokea Kenya. Busia na Malaba zikawa njia za wakimbizi na magendo. Ninakaa hapa kidogo kwa sababu miaka hiyo inafundisha kitu ambacho vitabu vya upasuaji havikigusi: mgonjwa anayetakiwa kurudi hospitalini anategemea mpaka kuwa wazi. Mshono wa kutolewa, mrija wa kukaguliwa, kidonda kilichotunga usaha, vyote hivyo ni safari nyingine, na safari hiyo inaweza kuzuiwa na mwanajeshi, na mto uliofurika, na ukosefu wa nauli. Mwaka 2020 tuliona tena: Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria kwa sababu ya korona, malori yakapanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia yakisubiri madereva wapimwe, na aliyekuwa na miadi ya hospitali ng'ambo akabaki nayo mfukoni.

Wakati mpaka huu ukipitia hayo, upandikizaji ulikuwa umekwisha kukua kwingine. Desemba 23, 1954, mjini Boston, Joseph Murray na wenzake walitoa figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake Richard, na ikafanya kazi, kwa kuwa miili ya pacha wa kufanana haikataani. Dawa za kuuzuia mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine, hasa saiklosporini iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1970, zikaufungua mlango kwa wasio pacha. Katika muda huo wote ambapo sayansi ya dawa ilikimbia, kidonda cha mtoaji kilisimama pale pale. Mtoaji alilazwa ubavu, meza ikakunjwa katikati ili nafasi kati ya mbavu na nyonga ipanuke, kisha daktari akakata urefu wa sentimita 15 hadi 25, akapita tabaka tatu za misuli, mara nyingine akaondoa na kipande cha ubavu wa mwisho ili aifikie figo iliyojificha nyuma. Misuli hiyo ndiyo inayomgeuza mtu kiunoni na kumnyanyua kutoka alipochuchumaa. Ndiyo hamali anayoitumia kupandisha gunia begani, na mwendesha baiskeli kupanda mlima na abiria nyuma. Mtoaji alihesabu wiki sita, nane, wakati mwingine zaidi, kabla ya kurudi kazini, na wengine walibaki na maumivu au uvimbe wa ubavu ulioachwa na mishipa ya fahamu iliyokatwa. Mpokeaji alipona, aliyekuwa mzima ndiye aliyetoka na jeraha kubwa zaidi.

Kuchungulia tumboni kwa mrija ni jambo la zamani kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1901 Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa Ujerumani, na 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm akaandika juu ya kuchungulia matumbo ya watu. Miongo ikapita mrija ukiwa jicho la kutazamia tu. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa wanawake mjini Kiel, alitoa kidole tumbo kwa matundu, na wapasuaji wenzake wakamshambulia kana kwamba ametenda kosa. Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo 1985, Philippe Mouret wa Lyon akafuata 1987, na katika miaka michache upasuaji wa nyongo duniani ukageuka. Ila nyongo hutupwa. Figo ya kupandikizwa lazima itoke nzima, mishipa yake ikiwa mirefu ya kushonwa, na muda wake bila damu usizidi dakika chache. Ndiyo maana ilichukua hadi 1995, pale Baltimore, kwa Lloyd Ratner na Louis Kavoussi kutoa figo ya mtoaji hai kwa matundu. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni, kamera inaingizwa, vyombo vinapita kwenye matundu ya milimita 5 hadi 12, figo inafunguliwa taratibu kutoka kwenye mafuta yake, inatiwa mfukoni ndani kwa ndani, na kutolewa kupitia mkato wa sentimita 6 hadi 8 chini ya kitovu, pale pale wanapokata kwa uzazi. Madaktari hao walisema wazi kilichowasukuma: watu walikuwa wakiogopa kutoa figo kwa sababu ya kidonda na siku za kazi zinazopotea. Huko Marekani mtu mwenye likizo ya ugonjwa na mshahara wa mwezi alikuwa akisita. Mchuuzi wa Busia, asiye na vyote viwili, angesita mara ngapi?

Hapo ndipo Mbale inapoingia, na ni sehemu ya habari hii inayostahili kujulikana zaidi kwa watu wa mpakani kuliko ilivyo. Mbale iko kama kilomita 60 kutoka Malaba, ukipitia Tororo. Nairobi iko zaidi ya kilomita 400. Mwaka 2001 hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa hapo, na daktari wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, akakuta foleni ya watoto wa ugonjwa wa kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo kuna maji yanayotengenezwa kila siku na kutafuta njia ya kutoka. Njia ikizibwa, fuvu la mtoto mchanga, ambalo halijaungana, linapanuka. Katika watoto 300 wa mwanzo walioelezwa katika taarifa ya Mbale ya 2005, kwa asilimia 60 hivi chanzo kilikuwa maambukizi, mengi ya siku za mwanzo kabisa za uhai. Tiba ya kawaida duniani ilikuwa mrija wa kudumu: unatoka kichwani, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, unamwaga maji tumboni. Tiba hiyo ni nzuri, na ina kasoro moja. Mrija huziba. Ukiziba Boston, mama anaita gari la wagonjwa. Ukiziba katika kijiji cha Teso wakati wa masika, mtoto anakufa kabla ya matatu ya asubuhi.

Warf na wenzake walianza kwa kuuliza swali la bei. Mrija wa Chhabra uliotengenezwa India uligharimu dola 35 hivi, na ule wa Marekani kama dola 650. Waliwafuatilia watoto 195 kwa mwaka mzima na hawakuona tofauti ya maana. Kisha wakauliza swali zito zaidi: mtoto huyu anahitaji mrija kweli? Walitumia kamera nyembamba inayopinda, wakaipitisha kwenye utosi ambao bado ni laini, wakaingia kwenye vyumba vya maji vya ubongo, wakatoboa sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja tundu hilo peke yake lilikuwa likishindwa mara nyingi mno. Wakaongeza hatua ya pili, kuchoma kwa umeme kiasi cha tishu inayotengeneza maji yenyewe. Taarifa ya watoto 550, pia ya 2005, ilionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya mwaka, hatua zote mbili zikiunganishwa zilifaulu kwa asilimia 66, na tundu peke yake kwa asilimia 47. Wazo la kuchoma tishu hiyo lilikuwa limejaribiwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita, likaachwa mrija ulipopatikana. Umbali wa vijiji vya mashariki ya Uganda ndio uliolifufua.

Mwelekeo wa safari ya elimu hiyo ndio ushahidi wangu mkuu. Warf alirudi Marekani na kuipeleka njia ya Mbale katika hospitali ya watoto ya Boston, mwaka 2012 akapewa tuzo ya MacArthur kwa kazi hiyo, na wapasuaji wa Amerika Kaskazini wakajifunza kitu kilichokomazwa kando ya Mlima Elgon. Mbale kwenyewe, Daktari John Mugamba wa Uganda na wenzake waliendelea, wakafundisha wapasuaji kutoka nchi nyingine. Mwaka 2017 jaribio la watoto 100 waliogawanywa kwa kura, lililofanyika hapo hapo Mbale, lilichapishwa katika jarida la tiba la New England: baada ya mwaka mmoja akili za watoto wa kamera na za watoto wa mrija hazikutofautiana. Yaani ulichokipata kwa kukwepa mrija hukukilipia kwa akili ya mtoto. Mtu akiniambia kwamba upasuaji wa tundu dogo ni mapambo ya nchi tajiri, nitamwomba aitazame ramani. Njia hii ilikomaa kwa sababu mgonjwa alikuwa maskini na barabara ilikuwa ndefu.

Inaweza kusemwa kwamba Mbale ni hospitali ya wafadhili, na haki ya kusema hivyo ipo. Wagonjwa walitibiwa kwa fedha za kanisa na wahisani wa nje, na serikali za Uganda na Kenya hazikuwa zimeweka vifaa vya namna hiyo katika hospitali zao. Lakini hoja ya ufadhili inagusa nani alilipa, haigusi nini kilifaa. Na ukiangalia gharama kwa ukamilifu, mrija unaorekebishwa mara tatu au nne ni ghali kuliko tundu linalofanywa mara moja, hata kama kamera iliyolifanya ilinunuliwa kwa fedha nyingi. Gharama hizo za kurudi hazionekani kwenye vitabu vya hospitali. Zinaonekana kwenye mbuzi aliyeuzwa Amukura na shamba lililowekwa rehani Funyula.

Tuje basi kwenye figo. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodisha vifaa vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, zikiwemo mashine za kusafisha damu, na bima ya taifa ikaanza kulipia kusafishwa mara mbili kwa wiki. Huo ulikuwa uokozi, na ulikuwa pia kifungo: mtu mwenye figo zilizokufa hawezi tena kuwa dereva wa lori la Malaba hadi Kigali, kwa sababu Jumatatu na Alhamisi lazima awe kitandani, damu yake ikipita kwenye mashine kwa saa nne. Anayetaka kutoka kifungoni anahitaji figo ya ndugu. Kwa miaka mingi hiyo ilimaanisha harambee na tiketi ya India. Hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo wa saa chache kutoka Malaba, ilianza kupandikiza katika miaka ya 2000. Majirani wakafuata. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 na Dodoma mwaka uliofuata. Kigali ilianza 2023, na Desemba mwaka huo huo Mulago ikapandikiza figo yake ya kwanza, miezi michache baada ya Uganda kupata sheria ya utoaji wa viungo. Mulago ile ile iliyowafundisha madaktari wa Kenya ilichukua miaka 110 tangu kuanzishwa kwake kufika hapo, na sehemu ya miaka hiyo iliibiwa na bunduki.

Na roboti? Jina linapotosha kidogo. Mashine haipasui yenyewe. Daktari anakaa pembeni, anatazama picha iliyokuzwa, anaongoza mikono yenye viwiko vidogo vinavyozunguka kuliko kifundo cha mkono wa mtu. Marekani iliidhinisha mfumo wa da Vinci mwaka 2000. Septemba 2001, Jacques Marescaux akiwa New York alitoa nyongo ya mgonjwa aliyekuwa Strasbourg, kupitia waya uliolala chini ya Atlantiki. Katika upandikizaji, roboti ilipata kazi yake ya kweli Chicago, kwa wagonjwa wanene ambao hospitali zilikuwa zikiwakatalia figo kwa kuhofia vidonda kuoza, kwani dawa za kuzuia mwili usikatae figo huchelewesha kupona. Taarifa ya 2013 ililinganisha wagonjwa 28 waliopandikizwa kwa roboti na 28 wa kisu cha kawaida: kundi la kwanza hakuna aliyeoza kidonda, la pili walioza wanane. India, katika hospitali ya Medanta karibu na Delhi, walitatua tatizo la figo kupata joto tumboni kwa namna ya kupendeza: figo huviringwa kwenye shashi iliyojazwa barafu iliyopondwa, ikaingizwa tumboni kwa tundu moja, ibaki baridi wakati mishipa ikishonwa. Tangu Oktoba 2023 Kigali ina kituo cha mafunzo ya upasuaji wa matundu madogo, tawi la IRCAD, taasisi iliyoanzishwa na huyo huyo Marescaux. Barabara inayofika huko kutoka Mombasa ni hii inayopita Malaba.

Bado, sisemi kwamba Busia inahitaji roboti. Mashine moja ni takriban dola milioni 2 kabla ya matengenezo, na vyombo vyake hutupwa baada ya kutumika idadi fulani ya mara. Kwa mpokeaji, mkato wa kawaida wa chini ya tumbo unatosha katika hali nyingi, na mgonjwa mwenyewe angalau anapata figo. Ninayemzungumzia ni mtoaji, na kwake yatosha kamera, hewa, taa nzuri na mikono iliyofundishwa. Kati ya roboti na matundu ya kawaida faida kwake ni ndogo. Kati ya matundu na ule mkato wa ubavuni ni mwezi mzima wa kazi au zaidi.

Wapo wanaosema kwamba tuanze na mambo ya msingi: damu salama, oksijeni, nusukaputi, chumba cha upasuaji kisichozimika taa mama akiwa mezani. Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama, na wengi wa Busia wamo. Hoja hiyo naikubali karibu yote. Ninakataa tu dhana kwamba vitu hivyo viwili vinagombea fedha zile zile. Hakuna anayependekeza figo itolewe katika hospitali ya mpakani kama Kocholia. Itatolewa Eldoret, Nairobi au Kampala, ambako chumba, damu na daktari wa nusukaputi vipo tayari, na swali lililobaki ni mkato upi. Tatizo la vifaa vinavyokaa ndani ya makasha ni la kweli pia. Seneti ya Kenya iliuchunguza mpango ule wa kukodisha vifaa na mwaka 2020 ikatoa taarifa kali. Hapo Mbale inatufundisha tena: walimfundisha mtu kwanza, kisha wakamkabidhi kamera.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Mtoaji hakuugua, kwa hiyo kifo chake hakina utetezi. Marekani walihesabu watoaji 80,347 wa kati ya 1994 na 2009. Waliokufa ndani ya siku 90 walikuwa kama watatu kwa kila 10,000, na kiwango hicho hakikubadilika katika miaka ambayo matundu yalichukua nafasi ya mkato mrefu. Hilo linatuliza. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna onyo kwa hospitali zenye mfuko mdogo. Mshipa mkuu wa figo unaweza kufungwa kwa mashine ya kupiga pini, ambayo ni ghali, au kwa kibanio cha plastiki, ambacho ni rahisi. Vibanio viliteleza, watoaji wakatoka damu na kufa, na mwaka 2006 mtengenezaji mwenyewe akaonya visitumike kwa mtoaji figo. Mamlaka ya Marekani ikarudia onyo hilo 2011. Nalitaja kwa sababu ni mahali ambapo kubana matumizi kunaweza kuua mtu mzima. Katika mrija wa Mbale, cha bei nafuu kilikuwa sawa na cha ghali, na ikathibitishwa kwa kupimwa. Katika kibanio hiki hakikuwa sawa. Umaskini hautuambii lipi ni lipi. Vipimo ndivyo vinavyotuambia.

Linabaki la biashara. Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitoa madai kwamba vijana maskini wa Kenya walikuwa wakiuza figo katika hospitali moja binafsi mjini Eldoret, na serikali ikasimamisha upandikizaji hapo na kuunda kamati ya kuchunguza. Je, kidonda kidogo hakitarahisisha kazi ya dalali? Anaweza kumwambia kijana wa Malaba kwamba ni matundu matatu tu, utarudi kwenye pikipiki yako mwezi ujao. Hofu hiyo ni halali. Lakini biashara ya figo ilianza enzi za mkato mrefu, na kovu refu halikumlinda aliyekuwa na deni. Lilimwongezea tu ulemavu. Kinachomlinda ni daktari asiye na faida katika upandikizaji huo kumhoji peke yake, kuthibitisha undugu, na kumfuatilia mtoaji kwa miaka. Kumwachia maskini kidonda kikubwa ili aogope ni kumwadhibu pia dada anayempa kaka yake figo kwa mapenzi.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya Busia, Malaba, Adungosi au ng'ambo Tororo, na nyumbani kwako kuna mtu anayeandaliwa kutoa figo: kabla hajatia sahihi, muulizeni daktari maswali matatu. Figo itatolewa kwa mkato wa ubavuni au kwa matundu? Wewe mwenyewe umeitoa kwa njia hiyo mara ngapi? Na mshipa wake mtaufunga kwa kutumia kitu gani? Mna haki ya kujibiwa yote matatu, kwa lugha mnayoielewa, mkiwa bado mmevaa nguo zenu za nyumbani.